Aliyemwaga Maji ya Moto

Harufu ndiyo iliyotangulia. Yosra aliisikia kwanza, Jumanne moja ya Januari, alipofungua mlango wa kile chumba cha chini mtaani Lafayette ambamo bendi yao ilifanyia mazoezi. Alisimama mlangoni, gitaa mgongoni, akakunja pua.

"Kuna mtu kapika humu?"

Wajdi alikuwa amechuchumaa akichomeka nyaya za spika. "Hata jiko hakuna. Apike na nini?"

"Nasikia nyama. Nyama ya kuchemshwa, haikutiwa hata chumvi."

"Njaa hiyo. Tukimaliza nitakununulia bakuli la lablabi, ile supu ya dengu, mayai mawili juu, uache kutunusia ukuta."

Hatem, aliyekuwa amekaa nyuma ya dramu zake, hakucheka. Aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekaza tayari.

Walikuwa watatu tu, na bendi yao waliiita Paka wa Paani. Wajdi alipiga besi, na yeye ndiye aliyebembeleza wenye klabu, aliyebandika mabango na aliyegombana na kila mtu aliyedai sauti ipunguzwe. Hatem alipiga dramu. Mchana aliuza vigae dukani kwa ami yake. Yosra aliimba na kupiga gitaa, na nyimbo zote zilikuwa zake: nyimbo za mabinti wanaovuta sigara bafuni dirisha likiwa wazi, za vijana waliozeeka wakisubiri viza. Roki ya namna ile haikuwa ikimlisha mtu Tunis, kwa hiyo asubuhi Yosra alivaa vipokea sauti akajibu simu za Wafaransa waliokuwa wakilalamikia intaneti yao, kwa sauti tulivu, nzuri, ambayo mabosi wake waliisifu. Hatem alikuwa mchumba wake. Pete walivishana kiangazi kilichopita, na Bi Faouzia, mama yake Yosra, alikuwa ameshaanza kununua mashuka.

Chumba chenyewe kilikuwa cha dobi zamani, aliyefulia mahoteli shuka. Mashine ziliondolewa, vikabaki vigae vyeupe na tundu la kutolea maji katikati ya sakafu, pana kama sahani, lenye wavu wa chuma. Juu yake walitandika zulia, na juu ya zulia wakaweka dramu za Hatem.

Jumamosi ile walipiga La Marsa, katika klabu ndogo nyuma ya mgahawa wa samaki. Watu walijaa kiasi cha kugusana viwiko, moshi umetanda chini ya dari, mhudumu akipita na chupa za bia juu ya vichwa. Kila kitu kilikwenda kama kawaida mpaka wimbo wa tatu, ule wa polepole. Yosra aliivuta sauti ya mwisho, ndefu, na ndani yake ikatoka sauti nyingine. Ilikuwa nyembamba, ya juu sana, ikitetemeka kama ya mtoto aliyekwisha lia mpaka kilio kikageuka kuwa wimbo. Mazungumzo ya baa yakakatika. Msichana mmoja wa mbele alijishika kifua. Sauti ilipokwisha, watu walipiga makofi kwa namna ambayo Paka wa Paani hawakuwahi kupigiwa.

Nje, karibu na mapipa ya taka, Wajdi alimkumbatia Yosra akamwinua.

"Umetuficha hiyo miaka yote? Mchawi wewe."

"Niweke chini." Yosra alikuwa amekamata koo lake. "Si mimi niliyeimba."

"Kama si wewe, ni nani?"

"Wajdi, nisikilize. Nilikuwa nimeshafunga mdomo. Wimbo ulipokwisha mdomo wangu ulikuwa umefungwa, na ile sauti ilikuwa bado inatoka."

Wajdi alimtazama Hatem. Hatem akaangalia chini, akasema pengine ni spika, spika za pale ni mbovu, hurudisha sauti.

"Spika hailii kama mtoto," Yosra akasema taratibu.

Hatem alijua. Hakujua yote, lakini alijua pa kuanzia, na tangu pale kando ya mapipa hakupata raha tena.

Wiki moja kabla ya ile harufu, alikuwa ametangulia kufika mazoezini akakuta mende wanatoka katika lile tundu, wengi, wanapanda miguu ya dramu yake. Alichemsha maji katika birika la umeme, akachemsha tena, akajaza ndoo. Akakunja zulia, akamwaga yote kwa mkupuo mmoja. Bibi yake alimfundisha akiwa mtoto, kama mabibi wote wa kule wanavyofundisha, kwamba maji ya moto hayamwagwi shimoni bila kupiga hodi, bila kusema bismillahi, ili majini walioko chini wapate kuhamisha watoto wao. Hakupiga hodi. Na maji yalipokwisha kushuka, kukatoka huko chini mlio mfupi, mkali, kama wa paka aliyekanyagwa. Hatem akacheka, akajisemea kuwa na panya nao wamepata yao, akarudisha zulia.

Wajdi alikuwa amerekodi ule wimbo wa La Marsa kwa simu akauweka mtandaoni. Kufikia Jumatatu ulikuwa umesambaa. Klabu ambazo zamani hazikuwa zikipokea simu zake sasa zilimtafuta zenyewe. Walikwenda Sousse, wakaenda Bizerte, na kila mahali watu walikuja kuisikia ile sauti ya pili, nayo ilitoka, kila mara ndefu zaidi, na kila mara baada ya onyesho Yosra aliamka asubuhi sauti yake mwenyewe ikiwa imepungua. Kazini walimwambia anywe asali.

"Tupumzike kidogo," aliwaambia wenzake. "Koo linaniwaka. Ni kama nimekunywa chai ya moto kwa mkupuo."

"Tukipumzika sasa watatusahau," Wajdi akasema. "Miaka minane tunapigia viti vitupu, Yosra. Miaka minane. Unataka turudi kwenye viti?"

"Nataka kujua ni nani anayeimba na mimi."

"Awe nani, mimi nataka aendelee."

Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka.

Ilikuwa alasiri ya Jumatano, jua likiingia kwa kile kidirisha cha juu ambacho ulionea miguu tu ya wapita njia. Hatem alikuwa peke yake mazoezini. Alikuwa akipiga polepole mdundo wa wimbo mpya, aliposikia kwamba kuna kitu kinaupiga pamoja naye, wala si mwangwi, kwa kuwa mwangwi huja nyuma na hiki kilikuja mbele kidogo, kana kwamba kinajua mkono wake unakokwenda, naye akaacha kupiga, nacho kikapiga pigo moja zaidi kisha kikanyamaza, na katika kimya kile akasikia chini ya kiti chake, chini ya zulia, chini ya wavu wa chuma, mwanamke akimbembeleza mtoto, kwa maneno asiyoyajua lakini kwa ile sauti ambayo kila aliyewahi kubebwa mgongoni anaijua, na mtoto akilia kilio cha aliyechoka kulia, na kila alipolia ile harufu ya nyama isiyo na chumvi ilipanda ikamjaa kooni mpaka akaionja ulimini, na akataka kukimbia, na miguu yake, iliyokuwa bado juu ya vikanyagio vya dramu, haikumtii.

Kubembeleza kukakoma.

"Wewe wa juu," sauti ya mwanamke ikasema. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa karibu, kama ya mtu aliyeegemea bega lake. "Nani kamwagia mwanangu maji ya moto?"

Hatem aliangalia mlango.

"Alikuwa amelala. Ngozi imembabuka uso mzima. Hasemi, analia tu, na akilia nampeleka kwa yule anayeimba, kwa sababu akisikia wimbo hutulia. Lakini mmoja wenu kamwaga. Mko watatu mnaokanyaga dari yangu. Nani?"

"Sijui," Hatem akanong'ona.

"Unajua."

Joto likaanza kupanda kutoka chini ya zulia. Kwanza alilisikia kwenye nyayo, kama mtu aliyesimama juu ya mchanga wa saa sita mchana, kisha viatu vyake vikaanza kunata sakafuni. Akajiona mwenyewe, uso wake mwenyewe umebabuka. Aliniambia mtu mmoja aliyekuja kumjua baadaye kwamba Hatem alikuwa mtu mwenye huruma, mtu wa kusimamisha gari kwa ajili ya mbwa. Na pengine alikuwa hivyo. Lakini pale hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Ni huyo anayeimba," akasema.

"Jina lake."

"Yosra."

"Na jina la mama yake."

Hapo alisita. Jina la mama wa mtu hulitoi hivi hivi, kila mtu anajua ndilo linalotumiwa kumroga mtu. Soli ya kiatu chake cha kushoto ikapasuka kwa joto.

"Faouzia," akasema. "Yosra binti Faouzia."

Joto likatoka papo hapo. Sakafu ikawa baridi, na kule chini mtoto akaacha kulia.

Lengelenge la kwanza lilimtoka Yosra begani usiku uleule. Kesho yake yalikuwa matatu, kisha yakaungana yakawa kipande kimoja cha ngozi nyekundu kilichoshuka mgongoni. Hakuanguka, hakugusa jiko. Daktari wa zahanati alimtoa Bi Faouzia nje ya chumba, akafunga mlango, akamuuliza Yosra kwa upole ni nani anayemmwagia maji ya moto nyumbani.

"Hakuna."

"Ni huyo mchumba? Unaweza kuniambia."

"Mchumba wangu ndiye anayenipaka dawa," Yosra akasema kwa sauti iliyobaki kama karatasi inayosuguliwa. "Hana hata moyo wa kuua nzi."

Na kweli Hatem ndiye aliyempaka. Kila jioni alifika kwa Bi Faouzia, akanawa mikono, akakaa nyuma ya Yosra kitandani na kopo la marhamu, akampaka kwa ncha za vidole, machozi yakimtiririka. Bi Faouzia alisimama mlangoni akimwombea dua. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanaume wa namna ile hazaliwi tena.

Wajdi alikuja na maua, na habari ya onyesho.

"Moja tu. Ni klabu ile kubwa ya Gammarth, hata wao hawakuamini walipotuita. Vaa mikono mirefu. Simama tu uimbe, gitaa nitamtafuta mtu."

"Mtazame mgongo wake," Hatem akasema.

"Nimeutazama. Nalia kama wewe. Lakini unafikiri ukikosa hii itarudi lini?"

Yosra aliwatazama wote wawili. Kisha akasema, "Nitaimba." Pengine alitaka kujua kama bado anaweza.

Gammarth, wimbo wa kwanza haukuisha. Alifungua mdomo na ile sauti ya mtoto ikatoka peke yake, bila yake, ikapanda, watu wakashangilia, simu zikainuliwa juu. Kisha wale wa mbele wakaona. Ngozi ya shingo yake ilikuwa ikiinuka mbele ya macho yao, chini ya taa, kama maziwa yanayotaka kuchemka, ikapanda mpaka kidevuni, naye alikuwa akiwaashiria kwa mikono wazime, wazime, na mdomo wake haukufungika, na sauti haikukoma, na wa nyuma waliokuwa hawaoni wakaendelea kushangilia mpaka alipoanguka juu ya dramu.

Bi Faouzia hakungoja daktari tena. Alhamisi mchana alimpeleka kwa Lalla Mbarka, mtaani Bab Djedid, mwanamke mweusi mnene ambaye babu zake waliletwa Tunis wakiwa watumwa kutoka ng'ambo ya jangwa, wakaja na pepo wao na ngoma za kuwapungia. Watu wa mjini humcheka mpaka siku wanayomhitaji. Nyumba yake ilikuwa na ua wa vigae, na tundu la maji katikati ya ua. Ndugu yake alikuwa ameshakaa ukutani na gumbri yake, gitaa la kale lenye sauti nzito, na vijana wawili wenye vibao vya chuma mikononi. Yosra aliketishwa juu ya mkeka, shuka nyeupe begani. Mbele yake paliwekwa chano: maziwa, tende, mkate usiotiwa chumvi. Hatem na Wajdi waliambiwa wakae ukutani na wasiondoke.

Ubani ukawashwa. Gumbri ikaanza, chini, chini sana, ukaisikia tumboni kabla ya masikioni. Hazikupita nyimbo nyingi. Kichwa cha Yosra kikaanza kwenda huku na huku, nywele zikamfunika, na alipokiinua macho yake yalikuwa yamegeuka, na mdomoni mwake akazungumza mwanamke mwingine. Hatem aliijua ile sauti mara moja, akabana mgongo ukutani.

"Karibu, bibi," Lalla Mbarka akasema. "Umetujia, tumekuwekea maziwa. Una nini na mtoto wa watu?"

"Yeye ana nini na mtoto wangu? Kamwagiwa maji ya moto amelala."

Vijana wakaacha vibao. Gumbri peke yake iliendelea.

"Binti nilimuuliza, anasema hakumwaga kitu."

"Niliuliza. Nikajibiwa kwa jina, na jina la mama."

Lalla Mbarka akageuza kichwa polepole akawatazama wale wawili wa ukutani, lakini bado alikuwa akizungumza na mgeni wake.

"Aliyekujibu yumo humu?"

"Yumo."

"Na aliyemwaga?"

Jini akacheka, kicheko kama cha maji yanayoishia shimoni. "Yumo."

"Nisikilizeni vizuri," Lalla Mbarka akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. "Mimi siwezi kumtoa huyu bure, kapewa neno na mtu wa kwetu na neno hushikwa. Lakini aliyemwaga akisema kwa kinywa chake kwamba ni yeye, kosa linarudi kwa mwenyewe na binti anaachiwa sasa hivi, mzima. Atakayesema hatakufa. Ataungua, atateseka, tutamtibu. Nawaomba. Mtazameni huyo binti kisha mseme."

"Wallahi si mimi," Wajdi akasema. "Wallahi sikumwaga. Ningesema."

Akamgeukia Hatem. Kila mtu alimgeukia Hatem.

"Msimtazame hivyo huyo," Bi Faouzia akasema huku akilia. "Huyo kampaka dawa mwanangu kwa mikono yake."

Hatem alimtazama Yosra, shingo ile iliyobabuka, macho meupe. Neno lilikuwa kinywani. Aliusikia uzito wake.

"Majini ni waongo, Lalla," akasema. "Hata msikitini tunaambiwa. Ataka tu kutugombanisha."

Lalla Mbarka alimtazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Kisha akafumba macho, kama mtu aliyeona kitu kichafu.

"Basi nachukua nilichopewa," jini akasema.

Na Yosra akaimba. Safari hii haikuwa ya mtoto. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzima, ile ya zamani, yenye mkwaruzo kidogo kwenye nyuzi za chini, akaimba wimbo wake wa kwanza kabisa aliotunga akiwa shuleni, na kwa kweli hawakuwahi kumsikia akiimba vizuri vile, hata ndugu wa Lalla Mbarka akasahau kupiga. Kisha, wimbo ukiwa katikati, mdomo wa Yosra ukafungwa, na sauti haikukoma, ilibaki pale mbele ya uso wake kama mtu aliyesimama, halafu ikageuka ikaenda zake, ikapita juu ya chano, juu ya mkeka, ikiimba, ikavuka ua, ikafika kwenye tundu la maji, ikashuka, ikiimba, ikaendelea kushuka, ndogo na ndogo zaidi, hata wakawa hawajui tena kama wanaisikia au wanaikumbuka.

Yosra alizinduka jioni. Alimtazama mama yake akataka kusema kitu. Ilitoka pumzi tu.

Ngozi ilipona upesi hata daktari akashangaa. Sauti haikurudi. Kazini walimpa wiki mbili, kisha wakamtumia vitu vyake katika sanduku. Hatem hakumwacha. Alikuja kila siku, akazungumza kwa ajili ya wote wawili, na watu wa mtaa wakamsifu: mwanaume kaposa mwimbaji, akapewa bubu, na bado yupo. Wazee walisimama barabarani kumpa mkono.

Mwezi wa nne walikaa mkahawani, chai ya njugu za msonobari mbele yao. Yosra alichukua simu yake, akaandika, akamgeuzia.

Tangu siku ile Wajdi ananiuliza kila akija: unadhani nani alimwaga? Mama ananiuliza. Mimi mwenyewe najiuliza. Wewe hujauliza hata mara moja.

Hatem alisoma. Alitafuta la kusema na akachukua muda mrefu kulitafuta. Yosra aliona ule muda wote ukipita usoni mwake. Kisha akavua pete, akaitumbukiza katika glasi yake ya chai, akaondoka.

Hatem alikwenda moja kwa moja Lafayette. Ilikuwa bado mchana. Alisukuma dramu pembeni, akakunja zulia, akapiga magoti kando ya wavu wa chuma. Alikuwa akilia kweli.

"Ni mimi," akasema shimoni. "Nilimwaga mimi. Yosra hakujua lolote. Mrudishie. Nichukue mimi."

Kutoka mbali chini akasikia mtoto akiimba. Wimbo alioujua, kwa sauti aliyoijua, yenye mkwaruzo kwenye nyuzi za chini.

"Unamsikia?" mwanamke akasema. "Anacheza sasa. Anakula."

"Nimesema ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilikuwa nimemshika mwanangu mikononi, nikatazama juu, nikakuona na ndoo. Nikakuona ukicheka."

Hatem hakuelewa. Alishika wavu kwa mikono miwili. "Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kuona utanipa nani."

Alisema bila chuki, kama mtu anayeeleza jambo la nyumbani.

"Wewe nikikuchukua nitapata nini? Mpiga dramu. Nikikuacha nitakuwa na mtu huko juu ambaye kila nikimuuliza atanijibu. Mwanangu bado hana vidole, maji yalimla vidole. Yule mwenzenu anayechezea nyuzi, vidole vyake ni vizuri."

"Sitakujibu tena."

"Anashuka huyo. Msikie."

Ni kweli, kulikuwa na viatu ngazini. Wajdi alikuwa ameona mlango wazi. "Hatem?" aliita. "Uko humo, kaka? Yosra kaniandikia, niambie si kweli."

Wavu ukaanza kupata moto. Kwanza vuguvugu, kisha si vuguvugu tena, na mikono ya Hatem ilikuwa juu yake na haikubanduka, na akasikia ngozi ya viganja ikianza kunata kwenye chuma.

"Mama yake anaitwa nani?" mwanamke akauliza.

Kwa mama yake Wajdi alikuwa amekula kuskusi Ijumaa nyingi za maisha yake. Alikuwa akimwita mama.

"Rafika," akasema.

Mwezi wa tano bomba la maji ya moto lilipasuka bafuni kwa Wajdi. Walimwokoa, lakini vidole havikuokolewa. Hatem alikwenda kumtazama hospitali na machungwa. Alikaa naye mpaka muuguzi alipomtoa.

Sasa yuko Sfax. Viganja vina makovu lakini fimbo za dramu anazishika vizuri, na mpiga dramu mzuri hakosi bendi. Hii ya sasa ni ya vijana watano, wapole, wamempokea kama kaka yao mkubwa. Wanafanyia mazoezi darini, kwa sababu yeye aliomba iwe darini. Juzi, wakikunja nyaya, alimuuliza mpiga kinanda anatoka wapi, ana ndugu wangapi, na mama yake jina lake nani.